Mpaka Kangaga Itoe Jani

11 Machi, Nyamiaga

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo watu wananikumbatia, na mimi sipendi kukumbatiwa na watu wenye mafuta ya maandazi mikononi. Karatasi haikumbatii mtu.

Juzi Jumamosi mume wangu Renatus alikwenda mto Ruvubu kutafuta mmea. Si mganga. Ni fundi wa vioo na madirisha ya alumini pale Ngara mjini, ila ana ugonjwa wake: tangi la kioo sebuleni, alilolijenga mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kwenye madirisha ya watu, na ndani yake anapanda majani ya majini. Samaki wamo wanne, wadogo, wa kusingizia. Safari hii alitaka kangaga ya mtoni, ile inayoshika mawe kwenye kivuli cha kingo.

Alivuka kwa mtumbwi wa Maduhu, mvuvi wa kule, na mto umefurika. Walipata jiwe lenye kangaga, wakalirudisha salama upande huu likiwa ndani ya ndoo. Renatus akasema bado jiwe moja. Safari ya pili mtumbwi ukapinduka. Maduhu alitoka. Renatus hajatoka.

Ndoo imefika nyumbani jana. Maduhu aliileta mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, niliona kofia yake ikishuka," alisema. "Kofia tu."

Nikamwuliza kama niliolewa na kofia. Nikaichukua ndoo nikaingia ndani.

13 Machi

Mvua. Hawajampata.

16 Machi

Wametafuta hadi Rusumo. Shemeji Philbert, mdogo wake Renatus, ndiye anayewaongoza watafutaji. Anarudi na matope mpaka magotini, anakaa, anasema, "Bado, shemeji," kisha anakula. Namchukia anavyokula. Najua ametembea kutwa, najua ana njaa ya halali, lakini namchukia.

Mabukwe naye amefika leo kutoka Rulenge, amepakiwa kwenye bodaboda pamoja na godoro lake. Mabukwe ndivyo tunavyomwita mama mkwe hapa kwetu. Jina lake halitajwi na mke wa mwanawe. Humu nitamwandika Kanyange, kwa sababu nimekasirika na hakuna wa kunifunga.

Nilimpa shikamoo. "Marahaba, mukazana," akaitika, maana mimi ndiye mkaza mwanawe. "Umekura?" Yeye hatofautishi l na r, kwake chakula na uchaguzi ni jambo moja. Hakuuliza lolote kuhusu mwanawe. Alitandika godoro lake sebuleni, karibu na tangi, akakaa na kuanza kuwahesabu waombolezaji kwa macho kama mtu anayepanga wa kupika na wa kuchota maji. Amekuja kufanya msiba. Hajaja kungoja.

20 Machi

Leo nimeifunga upya kangaga pale ilipolegea kwenye jiwe, kwa uzi mweusi wa kushonea, kama Renatus anavyofanya. Sebule yetu imepewa mgongo na kilima, jua haliingii, ndiyo maana humu anapanda mimea ya gizagiza tu: majani magumu, ya kijani cha chupa, yanayoridhika na taa moja ndogo ya saa chache. Kangaga huitii mbolea. Wala hufukii shina lake. Shina linatambaa juu ya jiwe kama tangawizi, na ukilifukia linaoza. Hilo alinihubiria mpaka nikalikariri, mimi mwalimu wa baiolojia, kana kwamba ndiyo kwanza nimeanza kidato cha kwanza.

Jani moja kwa mwezi, likijaliwa. Nilimwambia mchicha unakomaa kwa wiki tatu na unaliwa. Akasema, "Ndiyo maana mchicha hauna heshima."

24 Machi

Kikao cha ukoo. Nilijua kinakuja, kwa sababu Kanyange alifagia uani mwenyewe.

Philbert alisema akiwa amesimama. "Shemeji, tumefika mahali mto hautupi mtu wetu. Watu wanalala chini hapa, maharage yao yanaoza shambani. Kwetu, mtu akichukuliwa na maji asirudi, unakatwa mgomba, unavishwa nguo zake, unazikwa. Watu wanaoga, wanarudi makwao. Nimezungumza na katekista, atakuja kusali."

"Nani kamwona Renatus amekufa?" nikauliza.

Philbert akaketi.

"Nauliza. Nani kamwona? Maduhu kaona kofia. Wewe umeona nini, shemeji? Au mnataka nivae nguo nyeusi kwa ajili ya ndizi?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mke wa Philbert aliniangalia kwa macho ya kunihurumia, nikatamani kumrushia kikombe. Ndipo Kanyange akauliza bila kuinua kichwa, polepole, kama anauliza bei ya chumvi.

"Unataka tungoje mpaka rini, mukazana?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Macho yangu yakaangukia tangi.

"Mpaka kangaga aliyoileta itoe jani jipya," nikasema.

Wakatazamana. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kama mmea huo ndio utakaotoa ushahidi. Nikamjibu kwamba ndicho kitu cha mwisho alichokishika Renatus kwa mkono wake, na kwamba siku kitakapotoa jani mimi nitanyamaza, wakate mgomba wowote wanaoutaka. Philbert akacheka kwa pua. Jani, akasema, kwa mvua hizi? Wiki haiishi.

Nikamwacha aseme. Wao wanajua maharage, wanajua mahindi na muhogo. Hakuna aliyeniuliza mmea wenyewe unakua kwa mwendo gani, na mtu hajibu asiloulizwa. Waliondoka mchana, wakabaki Kanyange na godoro lake.

28 Machi

Mvua tangu jana. Paa linavuja jikoni. Renatus angelipanda leo hii, na mimi ningemwambia ateremke.

31 Machi

Pasaka. Sikwenda kanisani. Ufufuko wa mwingine haukuniingia leo.

8 Aprili

Nimerudi shuleni. Wanafunzi walisimama kunisalimu, wakasahau kukaa. Nimefundisha mizizi. Kangaga: hakuna kitu. Philbert anapita kila baada ya kazi, anainama mbele ya kioo, anatikisa kichwa.

13 Aprili

Nilikwenda Biharamulo kumwona Clarisse, binti yetu, anasoma bweni kule. Amekonda. Tulikaa kwenye benchi nje ya bwalo, akala karanga nilizomletea, punje mojamoja.

"Mama, wenzangu wananiuliza baba amefariki lini," akasema. "Nikisema hajafariki wananitazama vibaya. Nikisema amefariki, naona kama namsukuma mimi mwenyewe kwenye maji. Niwajibuje?"

Nikamwambia asiwajibu. Jibu la kijinga kabisa, na yeye alijua, lakini aliitikia kwa heshima. Kwenye basi la kurudi nilijisikia kama mtu aliyemwibia mtoto wake mwenyewe, na sijui nimemwibia nini.

17 Aprili

Naandika koti langu la shule likiwa bado limelowa.

Tuliachiwa mapema kwa sababu ya mvua. Nilipofika mlangoni nilisikia harufu ya zizi. Ndani ya nyumba yangu, zizi! Nikaingia. Tangi lilikuwa jeusi, kama dimbwi wanaponywea ng'ombe. Samaki wote wanne walikuwa juu, ubavu. Na Kanyange amesimama hapo pembeni, mikono imeloa mpaka viwiko, anatabasamu. Tangu aje hapa sijawahi kumwona akitabasamu.

"Nimekusaidia, mukazana. Kare kammea karikuwa kamefungwa kama mharifu, mizizi nje. Nimekafukia vizuri chini kwenye kokoto, nikatia na samadi ya kwa Philbert, ire iriyoiva. Mmea usiofukiwa utakura nini?"

Siku nyingine ningecheka. Nilitumbukiza mkono na koti langu la shule, nikachimba kwenye tope lile mpaka nikalipata shina. Majani yakabaki mkononi yenyewe, yameshalegea.

"Nani kakuambia ufukie?" Nilipiga kelele ambayo mkwe hapigiwi. "Nani? Umekuja hapa kuzika! Tangu ulipoteremka kwenye ile pikipiki unatafuta cha kuzika tu! Mwanao hujampata, sasa umeuzika mmea wake!"

Majirani walikuja kwenye uzio. Waliona, walisikia, kesho soko lote la Ngara litasikia. Nikamwita kwa jina lake, Kanyange, kwa sauti, mbele ya watu. Alitoka, akanawa mikono kwenye ndoo ya nje, akanawa tena, akakaa barazani mahali ambapo mvua inarusha.

Philbert alikuja jioni. Nilidhani amekuja kugomba, na nilikuwa tayari. Alivua viatu vyake mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Shemeji, mama amelima migomba maisha yake yote. Mgomba usipoufukia shina, usipoutia samadi, ni kama umeufukuza shambani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka jani litoke."

Ameondoka, na neno hilo limebaki nami. Alitaka jani litoke. Katika nyumba hii yeye peke yake ndiye anayelitaka. Mimi ninayelitunza tangi, ninayepima taa na kufunga uzi, sitaki. Nilichagua mmea unaochelewa kwa sababu unachelewa.

18 Aprili

Samaki nimewafukia nyuma ya choo. Nimemwaga maji yote, nimeosha kokoto mara nyingi mpaka harufu ikapungua. Shina nimelikata kwa wembe, nikiondoa palipooza, nikaondoa tena, mpaka nikafika penye ugumu na ukijani. Limebaki pande la urefu wa kidole, na jani moja lililochanika. Nimelifunga kwenye jiwe lake.

25 Aprili

Mvua. Lile jani moja limeanza kung'aa kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Linakufa.

2 Mei

Hatusemeshani, lakini kila asubuhi nakuta ndoo ya maji karibu na tangi. Anatega beseni chini ya michirizi ya paa, anayachuja maji ya mvua kwa kitambaa, anaiweka ndoo na kurudi nyuma. Kioo hakigusi. Leo ameniuliza kwa sauti ya chini, "Taa niwashe? Naogopa kuikosea." Nikamwambia awashe, azime ukianza mchezo wa redio. Akakaa mbele ya redio mchana kutwa asije akaukosa.

Mabukwe ana miguu iliyovimba. Sikuwa nimeiona.

9 Mei

Hakuna jani. Nilifurahi. Kisha nikaona aibu ya kufurahi, nikaenda kuwapigia watoto kelele darasani bila sababu.

14 Mei

Limetoka.

Niliona baada ya kutoka shuleni, nilipoinama kubadilisha maji. Kwenye ncha ya lile shina, kitu kidogo cha kijani kibichi, kimejikunja kama konokono. Chenye afya kabisa. Baada ya samadi, baada ya wembe, baada ya kumwagwa na kuoshwa na kukatwa, kimeota.

Mabukwe alikuwa uani anaanika maharage. Nilimsikia akiyageuza kwenye mkeka. Nikaingiza mkono ndani ya maji, nikakibana kwa kucha, nikakikata.

Nilibaki nimekishika kidoleni. Sikujua pa kukitupa. Jalalani wangekiona, uani wangekiona. Basi nikakitia mdomoni, nikakitafuna, nikakimeza. Kilikuwa na ladha ya mto. Nilitapika jikoni, kisha nikapiga deki.

Mimi ni mtu mzima. Nina digrii, nina mtoto, nasimamishiwa darasa zima asubuhi.

15 Mei

Philbert ameuliza. Nimemwambia bado. Akasema, "Na kama mmea umekufa, shemeji? Tutaungoja na wenyewe?"

19 Mei, Jumapili

Mvua inakatika. Baada ya misa mabukwe aliniomba nikae naye tuchambue maharage. Tulichambua, mabovu huku, mazuri kule.

"Niririona," akasema.

Nikajifanya sikusikia.

"Rire jani. Asubuhi ya Jumanne niriporeta maji ririkuwepo. Jioni harikuwepo." Akatupa harage bovu. "Hata mimi ningerikata."

Sikuweza kumtazama. Ndipo akanisimulia, na hapa naandika kwa maneno yangu kwa sababu yake alikuwa anayakatakata, mengine kwa Kirundi.

Walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa msichana mdogo. Walikuwa na kaka yake, Habonimana, kijana mkubwa, mwenye kucheka ovyo. Walipofika kwenye maji, Habonimana akawavusha, kisha akarudi ng'ambo kumchukua mbuzi. Hakuonekana tena. Wenzao waliovuka nao walimshauri mama yao akate mgomba, azike, apumzike. Mama yao akakataa. Alisema, Habonimana anakuja. Kila chakula alimtengea sahani. Walipohamia Rulenge sahani ikahama nao. Hakuna aliyeruhusiwa kulia, kwa sababu kulia kulikuwa ni kumwua. Mama alipokufa yeye mwenyewe, kazi ya kungoja ikabaki kwa binti.

"Mama arinirithisha," akasema. "Mpaka reo mtu akipiga hodi, kabra sijaitika, moyo unasema ni yeye. Nimeorewa, nimezaa, nimezeeka, na kira hodi ni yeye. Hata wewe, siku ya kwanza Renatus aripokureta nyumbani. Uripiga hodi, nikadhani ni yeye."

Nikamwuliza kwa hasira, maana ndiyo niliyokuwa nayo karibu, kwa nini hakuyasema hayo siku ya kikao.

"Uriniuriza?" akasema. Kisha akaweka mkono wake juu ya goti langu, mkono mzito wa jembe. "Sikuja hapa kumzika mwanangu haraka, Adelfina. Ninamtaka kuriko wewe unavyomtaka. Nirikuja ili usiwe kama mama yangu."

Nilimwona Clarisse kwenye lile benchi, na karanga zake, anasubiri nimwambie ajibu nini. Nikaona atakavyokuwa akizeeka.

Nililia. Nililia mpaka maharage yakamwagika, mazuri na mabovu yakachanganyika, na mama hakunikumbatia. Alingoja nimalize, akaanza kuchambua upya. Nikampigia simu Philbert nikamwambia aje na panga Jumamosi, na amlete Clarisse.

25 Mei

Wamekuja wote. Mvua haijanyesha wiki nzima, udongo umeanza kukauka.

Philbert alikuwa ameshakata mgomba nilipotoka nje, wameulaza kwenye mkeka uani. Nikausogelea nikautazama.

"Huyu ni mfupi," nikasema.

"Unatosha, shemeji. Ni alama tu."

Nikasimama wima nikaweka kiganja hewani, juu ya kichwa changu. "Renatus alikuwa anafika hapa. Alikuwa anainama kwenye mlango huu kila siku. Nendeni mkakate mwingine."

Philbert alichukua panga lake akarudi migombani, na alipokuwa anakwenda niliona mabega yake yanatikisika. Alileta mgomba mrefu, mnene, wanaume wanne wakiubeba kwa taabu. Clarisse akaleta shati la kazi la baba yake, lile la bluu lenye gundi ya vioo kwenye pindo za mikono, na suruali. Tulimvisha sisi watatu, mama, mimi na Clarisse. Vifungo vilikuwa vigumu. Clarisse alivifunga vyote hadi cha shingoni, kisha akakifungua hicho cha shingoni, kwa sababu baba yake alikuwa hakifungi.

Mgomba mbichi una maji mengi. Tulikuwa hatujamaliza, shati likawa limelowa kifuani na mgongoni, na walipomwinua akaanza kudondosha maji. Alidondosha kutoka uani, akapita jikoni, akapita kwenye maharage, mpaka kaburini, na kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu kila tone lilionekana lilipoanguka. Nilitembea nyuma yake nikiyakwepa. Katekista alisali. Wakashika kamba.

"Ngojeni," mama akasema. Akanigeukia. "Mfute, mwanangu. Asishuke na maji."

Nikapiga magoti. Nikavua kitenge cha kiunoni, nikamfuta kichwani, nikamfuta shingoni na kifuani, nikashuka mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Nikakikamua pembeni, nikamfuta tena. Maji yaliendelea kutoka. Philbert akasogea, mama akamzuia kwa mkono, na watu wote wakaningoja.